Barua ya wazi kuhusu kilomita 45 za Dzaleka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Malawi. Kwa Mamlaka ya Barabara, Halmashauri ya Jiji la Lilongwe na Chama cha Mbio za Baiskeli Malawi.

Waheshimiwa,

Tangu mwaka 2003, karibu kila mwaka mvua zinapoelekea kukatika, barabara kuu ya M1 hupitisha msafara wa waendesha baiskeli walioanza kukanyaga pedali mjini Cairo mwezi Januari na wanaotaraji kufika Cape Town mwezi Mei. Msafara huo unaitwa Tour d'Afrique, na safari yake ni ya kilomita zipatazo 12,000. Wakiingia Malawi kutokea Tanzania, huambaa na ziwa kutoka Karonga hadi Chitimba, hukwea kona za Chiweta ambazo hata malori huzipanda yakinguruma kwa shida, hupita Mzuzu na Kasungu, kisha huja Lilongwe kabla ya kugeuza usukani kuelekea Zambia. Kati ya Kasungu na Lilongwe iko njia panda ya Dowa. Mgeni akishagongewa muhuri mpakani, hakuna tena anayemuuliza kwa nini anatoka wilaya moja kwenda nyingine.

Upande wa njia panda hiyo ndiko iliko Dzaleka. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, ikikusudiwa kuhifadhi watu 10,000 au zaidi kidogo. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengine kutoka Ethiopia na Somalia. Ukipita sokoni utasikia Kiswahili cha Uvira, cha Fizi, cha Bukavu na cha Bujumbura, kikichanganyika na Kichewa cha wanavijiji wa Dowa waliokuja kununua na kuuza. Kutoka hapo hadi Lilongwe ni takriban kilomita 45. Mtu mwenye baiskeli ya kawaida kabisa, isiyo na gia za kubadilisha, yenye keria ya chuma nyuma, akitoka alfajiri anafika Kanengo, mlangoni mwa jiji, kabla jua halijawa kali, anafanya shughuli zake, na jioni anakula kwake.

Mkimbizi hawezi kufanya hivyo bila kibali cha kutoka kambini, na kibali si kitu cha kuombwa kila mtu anapotaka kwenda kununua tairi mjini. Barua hii inaomba barabara ya kutoka kambini hadi Lilongwe ifunguliwe kwa baiskeli: pawepo kibali chepesi cha siku moja kwa mkazi wa Dzaleka anayetoka kwa baiskeli na kurudi kabla ya giza, na barabara yenyewe iwe na mahali pa kupita baiskeli bila mtu kuhatarisha maisha yake.

Kwa nini baiskeli, si basi wala pikipiki? Kwa sababu ndicho chombo ambacho watu hawa wanakijua na wanaweza kukimudu.

Asiyeamini hilo aitazame ramani ya kule walikotoka. Barabara inayotoka Bugarama kuteremka hadi Bujumbura inaanzia kwenye milima yenye baridi, juu ya mita 2,000, na kuishia kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mita 770. Kwa miaka mingi vijana wa Burundi wameiteremka wakiwa na mikungu ya ndizi imefungwa juu ya keria, mzigo unaozidi uzito wa mwendeshaji mwenyewe, breki zikiwa kipande cha mpira au soli ya kiatu. Kupanda kurudi, wengi hujishika nyuma ya malori, jambo la hatari ambalo limewaua baadhi yao na ambalo hakuna mzazi anayelipenda. Ng'ambo ya pili ya ziwa hilo, barabara ya Uvira kwenda Baraka na Fizi imebanwa kati ya maji na mlima, na baiskeli ndizo zinazobeba samaki, mihogo na mafuta ya mawese pale gari linaposhindwa na matope. Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi na makaa, na mji umekiheshimu kwa kukisimamishia sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Watu waliokulia kwenye njia hizo wamejaa Dzaleka. Mapafu yao na miguu yao ilifunzwa na milima kabla hawajajua kwamba kuna mchezo duniani unaolipa watu kwa kupanda milima.

Na mchezo huo sasa umefika jirani. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zikiwa na vilima ambavyo jumla yake ilizidi mita 5,000 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na walioweza kumaliza walikuwa 30 tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay, kijana wa Asmara, alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Vilima vya Kigali vilivyowatoa pumzi mabingwa wa Ulaya ni vilima ambavyo baadhi ya wakazi wa Dzaleka walivipanda utotoni wakiwa na madumu ya maji kwenye keria.

Malawi nayo haihitaji kufundishwa baiskeli na mtu yeyote. Njinga, kama baiskeli inavyoitwa hapa, ndiyo gari la nchi hii. Vijana wa kabaza hubeba abiria kwenye keria iliyotiwa mto, kutoka kituo cha minibasi hadi mlangoni. Wachuuzi wa mkaa hutoka upande wa msitu wa Dzalanyama na kuingia Lilongwe na magunia yaliyopangwa hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji, wakisukuma pale pasipopandika. Vijijini wapo wagonjwa na wajawazito waliofikishwa zahanati kwa kitanda kilichofungwa nyuma ya baiskeli. Tangu 2022 uhaba wa mafuta umekuwa ukiondoka na kurudi, na kila unaporudi, foleni za magari hurefuka vituoni huku baiskeli zikiendelea na safari zake. Kwacha ilipopunguzwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, kila kitu kinachotoka nje kilipanda bei, tairi na tyubu zikiwemo, lakini hata hivyo baiskeli iliyotiwa viraka sita bado ni nafuu kuliko nauli ya kila siku.

Mheshimiwa Waziri, hoja za serikali zinajulikana na si za kudharauliwa. Malawi ni nchi ndogo isiyo na utajiri mkubwa, na bado mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliwahifadhi Wamsumbiji zaidi ya milioni moja waliokuwa wakikimbia vita. Nchi chache duniani zimewahi kubeba mzigo kama huo. Baadaye serikali ilisema kwamba wakimbizi walioenea mijini na vijijini wanaleta wasiwasi wa usalama na kuwanyang'anya wafanyabiashara wenyeji riziki. Machi 2023 ikatoka amri kwamba wote warudi Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili. Katikati ya Mei polisi na wanajeshi walianza kuwakamata waliobaki. Maduka yalifungwa, na familia, watoto wakiwemo, zilishikiliwa kwanza katika Gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini.

Barua hii haiombi amri hiyo ijadiliwe upya hapa. Inaomba yatazamwe matokeo yake. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe Lilongwe wamerudi mahali ambapo mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Hawana mashamba ya kutosha na ajira rasmi haipatikani kirahisi. Walichobaki nacho ni ufundi: ushonaji, useremala, utengenezaji wa simu, ufundi baiskeli, mapishi, muziki. Ufundi huo unahitaji malighafi kutoka mjini na wateja wa mjini. Kilomita 45 kwa baiskeli ndizo zinazoutenganisha na vyote viwili.

Na sheria yenyewe inaacha mlango. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Desemba 1987, iliweka masharti yake kuhusu ibara kadhaa, ikiwemo ya 26 inayohusu uhuru wa kutembea. Sharti hilo linaipa serikali haki ya kupanga mahali wakimbizi watakapoishi na kuzuia mwendo wao pale usalama wa taifa au utulivu wa umma unapodai hivyo. Lisomwe polepole. Halisemi kwamba mkimbizi asitembee. Linasema serikali inaweza kumzuia ikiwa ipo sababu ya aina fulani. Fundi cherehani anayekwenda Lilongwe kununua vitambaa na kurudi kabla ya magharibi hatishii usalama wa taifa, na msichana anayefanya mazoezi ya kilomita 60 asubuhi ya Jumamosi havurugi utulivu wa mtu.

Utaratibu wa kumfuatilia ni rahisi, pengine rahisi kuliko ule unaotumika sasa. Wazee wa Kenya na Tanganyika wanakumbuka kibati cha leseni kilichofungwa kwenye baiskeli, chenye namba na mwaka. Ofisi ya kambi inaweza kutoa kibati cha namna hiyo kwa kila baiskeli iliyoandikishwa, namba yake ikilingana na namba ya kadi ya mkimbizi mwenye baiskeli. Asubuhi mtu anaandikwa anapotoka, jioni anaandikwa anaporudi. Askari wa kizuizini akiiona namba anajua ni nani, ametoka wapi, na saa ngapi anatakiwa awe amerudi. Asiyerudi bila sababu ananyang'anywa kibati kwa muda. Mtu mwenye baiskeli haendi mbali na hapotei. Kasi yake ni kilomita 15 kwa saa, na kila kijiji kinamwona akipita.

Wenyeji watapata nini? Swali hili linastahili jibu la wazi, kwa sababu hasira ya mwenye duka wa Lilongwe dhidi ya mshindani wake ni ya kweli. Mkimbizi anayefungua duka mjini anashindana na mwenyeji mlango kwa mlango. Mkimbizi anayekuja kwa baiskeli kununua ni mteja. Ananunua vitambaa, misumari, gundi ya viatu, vipuri, na njiani ananunua mahindi ya kuchoma na maji. Fundi wa pancha wa Lumbadzi, njiani, atamziba tyubu. Zahanati na soko la Dzaleka tayari vinawahudumia wenyeji na wakimbizi pamoja, na hakuna aliyetamka kwamba hilo ni kosa. Kuna siku chache kwa mwaka ambapo mwendo kati ya mji na kambi huonekana kwa wingi, kwa upande mmoja tu: tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi wa Kongo Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kwa jina la Menes La Plume. Maelfu ya watu huingia Dzaleka kutoka Lilongwe na kwingineko, hulala katika nyumba za wakimbizi, hula chakula chao, hucheza ngoma zao, kisha hurudi makwao. Usalama wa taifa umeyavumilia matamasha hayo vizuri sana.

Sasa neno kwa Mamlaka ya Barabara, kwa sababu kibali peke yake kinaweza kumpeleka mtu kwenye ajali.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba barabara za Malawi huua watu 31 kwa kila wakazi 100,000 kwa mwaka, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu duniani. Sehemu kubwa ya wanaokufa ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwenye kuijua M1 hahitaji ripoti. Pale ambapo bega la barabara ni la changarawe, mvua hulila mwaka hadi mwaka, na ukingo wa lami hubaki kama ngazi, juu kuliko udongo kwa kimo cha kiganja au zaidi. Mwendesha baiskeli anabaki juu ya lami, ndani ya njia ya magari. Minibasi ikipiga honi nyuma yake, ana sekunde moja ya kuchagua: abaki na kugongwa, au ashuke ile ngazi, gurudumu la mbele lijipinde, aangukie mzigo wake. Lori likipita karibu kwa kasi, upepo wake kwanza humsukuma nje, kisha humvuta ndani, na aliyebeba gunia juu ya keria hana nguvu ya kushindana na msukosuko huo. Msimu wa tumbaku ukianza mwezi Aprili, malori yanayokwenda kwenye mnada wa Kanengo huongezeka, na hiyo ndiyo barabara ya Dzaleka. Magharibi hali huwa mbaya zaidi, kwani baiskeli nyingi hazina taa, na mwanga wa gari linalokuja mbele humpofusha dereva anayetoka nyuma.

Dawa yake inajulikana na wahandisi wote wa Mamlaka: bega lililowekwa lami, lenye upana wa mita moja na nusu kila upande, lenye mstari mweupe mnene unaotikisa gurudumu la gari likiukanyaga. Ukarabati wa M1 kutoka njia ya Uwanja wa Ndege wa Kamuzu kuelekea Kasungu umetiwa fedha na Umoja wa Ulaya na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, taasisi ambazo kwao njia ya baiskeli si jambo geni. Kwa hiyo Mamlaka inaombwa ihakikishe bega hilo halikatiki popote kati ya njia panda ya Dowa na Kanengo, hasa kwenye madaraja na makalvati, ambako barabara hubanwa na ndiko watu hugongwa. Kipande kinachounganisha njia panda na kambi nacho kisisahaulike. Mtoto wa kijiji cha Dowa anayekwenda shule ataipita njia hiyo hiyo, na mama anayepeleka nyanya sokoni pia. Wakimbizi ni sehemu tu ya watakaofaidi.

Halmashauri ya Jiji ina kazi ndogo zaidi. Lilongwe ilifanywa makao makuu mwaka 1975 na ikapangwa kwa kutawanywa, kila eneo na namba yake, huku mashamba na vichaka vikibaki katikati. Kutoka Mji Mkongwe hadi Capital Hill ni mwendo wa kutoa jasho. Jiji la namna hiyo lingependeza kwa baiskeli, kwa kuwa nafasi ipo. Badala yake Barabara ya Kenyatta na Mtaa wa Mzimba zimepanuliwa hadi njia sita, na kuvuka njia sita na baiskeli iliyobeba mzigo ni kazi ya kuomba dua. Pawekwe vivuko vyenye taa. Sokoni pawekwe mahali pa kufungia baiskeli chini ya ulinzi, hata kwa ada ndogo. Na mwenye kibati cha Dzaleka asichukuliwe baiskeli yake na mtu yeyote kwa sababu tu ya kibati hicho.

Kwa Chama cha Mbio za Baiskeli: Dzaleka iko mlangoni penu.

Mwaka 2015, bingwa wa mbio ndefu Tegla Loroupe alikwenda kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, akafanya majaribio ya kukimbia kwa wakimbizi waliokuwa wakikimbia kwa viatu vya kuazima au miguu mitupu. Kenya wakati huo ilikuwa na sheria kali za kuwaweka wakimbizi kambini, kama Malawi. Hata hivyo waliochaguliwa waliruhusiwa kuhamia Ngong kufanya mazoezi, na watano kati yao walikimbia kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo. Serikali ya Kenya haikupoteza kitu. Miaka mitano baadaye, Tokyo, timu ya wakimbizi ilikuwa na waendesha baiskeli wa barabarani, akiwemo Masomah Ali Zada, msichana wa Afghanistan aliyewahi kurushiwa mawe mitaani Kabul kwa kosa la kupanda baiskeli, kisha akapata hifadhi Ufaransa. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kushindana na saa. Mwaka 2024, Paris, ndiye aliyeiongoza timu nzima ya wakimbizi kama mkuu wa msafara.

Mfano wa karibu zaidi hauhitaji hata Olimpiki. Nje ya Nairobi, upande wa Kikuyu, mwendesha baiskeli David Kinjah ameifanya nyumba yake ya mabati kuwa klabu. Vijana hulala hapo, hujifunza kufungua na kufunga baiskeli mpaka spoku ya mwisho, kisha hutoka naye kupanda vilima. Mmoja wa waliofika hapo akiwa mtoto ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Klabu ya Kinjah haikuanza na baiskeli za kaboni. Ilianza na mafundi, barabara yenye mlima, na mtu mzima mwenye subira.

Dzaleka ina mafundi. Wako wanaonyosha rimu kwa jicho tu, bila kipimo, na kuunganisha fremu iliyokatika. Milima ipo: ardhi inapanda kuelekea Dowa, na anayetaka adhabu zaidi anaweza kuendelea hadi Ntchisi. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuvuka mpaka wa kambi kwa mazoezi na kuingia katika mashindano ya ndani ya nchi. Chama kinaombwa kiwaandikishe wakimbizi kama wanachama wa klabu, bila kugusa suala la nani ataivaa jezi ya taifa, jambo ambalo lina sheria zake. Shindano la mkoa linaweza kumpokea yeyote mwenye namba mgongoni.

Kuna safari moja ambayo ingefaa kuanza nayo. Ukitoka Lilongwe kuelekea mashariki kwa barabara ya Salima, uwanda unakuchukua taratibu, mashamba ya mahindi na tumbaku kulia na kushoto, kisha ardhi inaanza kuvunjika. Lilongwe iko kwenye mita 1,050 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Malawi yako chini ya mita 480. Tofauti hiyo hailipwi kwa mteremko mmoja. Barabara inashuka, inapanda tena kidogo, inazunguka kilima, inashuka, na hewa inazidi kuwa ya joto na nzito kila baada ya kilomita chache, mpaka mibuyu inatokea na Salima imefika. Senga Bay iko mbele kidogo. Kutoka Lilongwe hadi ufukweni ni kama kilomita 120, siku moja kwa mwendeshaji aliyejiandaa. Mwenye muda anageuka kaskazini na kufuata barabara ya ziwani hadi Nkhotakota, akipambana na upepo wa mwera au akisukumwa nao, kutegemea anaelekea wapi. Nkhotakota ndiko walikokaa akina Jumbe katika karne ya 19, wafanyabiashara waliotoka pwani na kuleta Kiswahili na Uislamu kando ya ziwa hili, pamoja na biashara ya watumwa ambayo historia haiwezi kuifuta. Kiswahili kiliijua njia hii muda mrefu kabla ya lami.

Pendekezo ni hili: katika kiangazi kijacho, mwezi wa Juni au Julai wakati barabara ni kavu na jua halijakali, pafanyike safari ya pamoja ya siku mbili, Dzaleka hadi Lilongwe siku ya kwanza na Lilongwe hadi Senga Bay siku ya pili. Washiriki wawe 40, nusu wakimbizi na nusu Wamalawi, na wasichana wawe miongoni mwao kwa hesabu sawa. Baiskeli ziwe zile zile zinazotumika sokoni, zikaguliwe breki na mafundi wa kambi na mafundi wa kabaza. Polisi wa trafiki watoe gari moja mbele. Nyuma liwepo gari la huduma ya kwanza. Ofisi ya kambi itoe vibali kwa majina, ikitumia vile vibati vya namba, ili utaratibu ujaribiwe kwa watu wachache kabla ya kupanuliwa. Mamlaka ya Barabara impeleke mhandisi mmoja apande baiskeli pamoja nao katika kipande cha M1, aandike kila mahali ambapo bega limekatika. Kurudi, watu na baiskeli wapande lori.

Orodha ya majina inaweza kukusanywa Dzaleka katika wiki mbili. Kabla ya hapo inahitajika barua moja kutoka Wizara ya Usalama wa Ndani kwenda kwa msimamizi wa kambi, inayosema kwamba jaribio hili limeruhusiwa na kutaja tarehe yake. Barua hiyo inasubiriwa.

Kwa heshima.